Dirisha la Tiketi: Jina la huyu, ndege ya yule

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeambiana. Mara iliyopita niliandika habari za viza, nikajiandaa kuulizwa viza, kumbe watu wa Kusini mna yenu: kampuni za ndege zinavyoshirikiana, nani anamlipa nani, na abiria anaingia wapi katika mapatano hayo. Kwa sisi tuliozeekea nyuma ya dirisha la tiketi hapa Mtwara, hakuna swali tamu kama hilo. Waliojaza kurasa nimewafupisha, mtaniwia radhi.

*Asalaam alaykum dada wa Dirishani. Nilikwenda Muscat kumwona binti yangu aliyejifungua. Tiketi aliyonikatia ilikuwa na jina la kampuni kubwa ya nje, lakini hapa Mtwara nikapandishwa ndege ndogo ya pangaboi, ya kampuni nyingine kabisa. Nilipofika, begi lenye korosho na nguo za mtoto halikuonekana mpaka siku ya pili. Huku wakanirusha kule, kule wakanirusha huku. Je, nilitapeliwa? — Bibi wa Mikindani*

Wa alaykum salaam dada, na hongera ya mjukuu. Hukutapeliwa. Uliuziwa kile ambacho sisi wa dirishani tunakiita kodisheya: kampuni moja inabandika namba yake ya safari kwenye ndege ya mwenzake na kuiuza kama yake.

Umepanda mabasi ya Dar, unajua mambo ya kufaulishwa. Wakala anakukatia tiketi ya basi hili, asubuhi abiria wakiwa wachache unahamishiwa basi la kampuni nyingine, na maisha yanaendelea. Angani ni hivyohivyo, ila kufaulishwa kwenyewe kumepangwa miezi mingi kabla, kumeandikwa kwenye tiketi yako kwa herufi ndogo, "inaendeshwa na" fulani, na nauli yako ina mgawo wake kabla hujafunga begi. Tena basi likikufia Somanga, aliyekuuzia atasema gari si lake na mwenye gari atasema tiketi si yake. Kwenye ndege za kimataifa sheria inawafunga wote wawili, aliyekuuzia na aliyekubeba.

Kwa nini wafanye hivyo? Hesabu yake ni nyepesi. Kampuni kubwa haiwezi kuleta dege la watu mia tatu Mtwara kwa ajili yako wewe, mhandisi mmoja wa gesi na wafanyabiashara watatu. Na mwenye ndege ya pangaboi ya siti sabini na kitu hana ndege ya kuvuka bahari. Wakishikana mikono, mkubwa anaonekana kwenye kompyuta za mawakala wa dunia nzima kwamba anafika Mtwara, bila kununua hata tairi. Mdogo naye anapata abiria kutoka Muscat na Mumbai ambao asingewafikia kwa tangazo lolote.

Sasa la begi. Chukua tiketi yako, tazama ile namba ndefu ya tarakimu kumi na tatu. Tatu za mwanzo ndizo zinazokuambia tiketi ni ya nani, hata kama ndege zimeandikwa majina mengine. 197 ni Air Tanzania. 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Mimi mteja akinipigia simu akilia, kabla sijamuuliza jina lake namuuliza hizo namba tatu. Mwenye namba ndiye aliyepokea fedha yako yote. Wenzake wanamdai mafungu yao, na madeni ya namna hiyo mengi wanayamaliza kupitia ofisi ya pamoja ya kukokotolea hesabu, iliyo chini ya shirikisho lao la IATA na iliyoanza mwaka 1947. Wewe humwoni yeyote katika hayo.

Halafu tazama kile kikaratasi cha begi walichokubandikia kaunta ya Mtwara. Kikiwa na herufi za kituo cha mwisho, MCT kwa Muscat, maana yake kampuni zimekubaliana kulipitisha begi Dar bila wewe kuligusa. Kikiandikwa DAR peke yake, begi litakusubiri Dar, na usipolichukua litabaki likizunguka kwenye mkanda kama mtoto aliyepotea sokoni. Kwa hiyo pale kaunta usione haya, kisome.

Na waliokurusha huku na kule hawakukutendea haki. Kwa desturi ya kazi hii, kampuni iliyokufikisha mwisho wa safari ndiyo inayoandika taarifa na kulitafuta begi, hata kama lilipotelea mikononi mwa mwenzake. Kisheria una nguvu zaidi ya hapo: Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unakuruhusu kumdai aliyekubeba mwanzo, au aliyekubeba mwisho, au yule ambaye begi lilipatwa na mkasa likiwa kwake. Taarifa andikisha kabla hujatoka uwanjani. Kisha andika dai kwa maandishi: begi lililoharibika ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukikaa mpaka arobaini ya mtoto, umechelewa.

*Mama, nafanya biashara ya korosho. Nikikata tiketi ya Mtwara–Dar peke yake na ya Dar–Mumbai peke yake, jumla inazidi tiketi moja ya kutoka Mtwara mpaka Mumbai. Nikafurahi, nikasema nimepata siri. Mwezi wa kumi nikaitafuta ile moja, haipo! Naambiwa ninunue mbili. Huo mchezo gani? — Mfanyabiashara, Newala*

Mwanangu, umegusa moyo wa biashara yenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Chukulia kwa mfano tu, usije ukanidai nauli hizi dirishani: Mtwara–Dar dola 100, Dar–Mumbai dola 400. Kila kampuni ikijipangia bei yake bila kumfikiria mwenzake, wewe unalipa 500. Tatizo ni kwamba kila mmoja anapoongeza bei anajifikiria mwenyewe, haoni kwamba amemkimbiza abiria ambaye angemlipa pia mwenzake. Ukishindwa 500 unabaki Newala, na wote wawili wamekosa. Wakikaa meza moja wakaamua tiketi nzima iwe dola 420, unasafiri. Hiyo ndiyo siri uliyoipata, na si siri ya Mtwara peke yake: wachumi Jan Brueckner na Tom Whalen, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliona kwamba kwa safari za kimataifa za kuunganisha ndege, nauli za kampuni zilizo katika ushirika zilikuwa chini kwa takriban asilimia 25 kuliko za kampuni zisizoshirikiana.

Sasa hizo 420 zinagawanywaje? Wangegawana kwa kilomita tu, Mtwara–Dar kwa ndege ni kama kilomita 400, na Dar–Mumbai ni zaidi ya 4,500. Mwenye pangaboi angeambulia kama dola 34. Hapo angekuuliza kama unamtania, kwa sababu safari fupi ni ghali kwa kila kilomita. Mafuta mengi yanakwenda kwenye kupaa, na ada za uwanja, mizigo na wahudumu hazipungui kwa kuwa umekwenda karibu. Ndiyo maana kanuni za mgawo huipa safari fupi uzito zaidi, na kampuni nyingi huandikiana mkataba maalumu pembeni, kwamba mimi kwa kila abiria wako nataka si chini ya kiasi fulani. Ugomvi wa washirika wa ndege uko hapo. Kwenye picha za gazeti wanapeana mikono na kukata keki, lakini chumba cha nyuma wanavutana juu ya dola kumi za kipande cha mwanzo.

Tuseme wamepatana dola 60. Kwa nini mwenye siti ya dola 100 akubali 60? Kwa sababu siti haina ghala. Korosho yako usipoiuza mnada huu utaisubirisha mnada ujao. Siti ya saa mbili asubuhi, mlango ukishafungwa, thamani yake ni sifuri mpaka mwisho wa dunia. Na kumbeba mtu mmoja zaidi kwenye ndege ambayo itaruka tu hata bila yeye kunagharimu kidogo sana, mafuta kiduchu, ada ya abiria na chupa ya maji. Dola 60 mkononi ni karibu zote za kwake.

Ila hayo ni ya mwezi wa tatu, mvua inanyesha, ndege nusu tupu. Njoo mwezi wa kumi. Minada imefunguliwa. Wanunuzi wanatua, watu wa benki wanatua, wakaguzi wa maghala, maofisa wa ushirika, waandishi wa habari, na mbunge akisikia bei imeshuka naye anatua. Kila siti inapata mtu wa dola 100, mwingine hata haulizi bei kwa sababu analipiwa na ofisi. Mwenye pangaboi amuuzie nani kwa 60? Kompyuta yake imegawa ndege ile ile katika madaraja ya bei, kila daraja na herufi yake, na madaraja ya chini yanafungwa moja baada ya jingine siti zinavyojaa. La washirika ni miongoni mwa yanayofungwa mapema. Siti ipo kwa anayelipa kamili, haipo kwa tiketi yako ya kuunganisha. Hakuna aliyekufanyia hila.

Dawa yake ni kukata mapema. Wewe unajua msimu wako kuliko kompyuta yoyote. Kata tiketi mwezi wa saba.

Na hizo tiketi mbili mbalimbali zitazame vizuri kabla hujazinunua. Ndege ya Mtwara ikichelewa kwa sababu ya mvua, au ya asubuhi ikafutwa, yule wa Mumbai hakujui. Kwake wewe ni mtu aliyenunua siti akaingia mitini, na mara nyingi hata siti yako ya kurudi inafutwa hapo hapo. Tena pale Dar ndege za ndani na za nje hazitumii jengo moja, unatoka Jengo la Pili kwenda la Tatu, na begi lako mkononi. Kwa tiketi moja, kukukosesha ndege ni tatizo lao, watakutafutia nyingine. Kwa tiketi mbili ni tatizo lako, na hoteli unajilipia. Mimi mteja akilazimika kununua mbili namlaza Dar usiku mmoja katikati, akasirike asikasirike.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Benki hununuana, kampuni za bia hununuana, za simu hununuana. Kwa nini ndege wao wanahangaika na mikataba ya ushirika badala ya mkubwa kummeza mdogo yakaisha? — Mwalimu, Nachingwea*

Marahaba Mwalimu, ingawa pengine shikamoo hiyo nilipaswa kukupa mimi.

Jibu liko kwenye somo lako. Mwaka 1944, vita havijaisha, mataifa yalikutana Chicago na kukubaliana kwamba anga la nchi ni mali ya nchi. Ndege ya kigeni haiingii ikabeba abiria kwa biashara mpaka serikali mbili zikubaliane. Na mikataba hiyo ya serikali kwa serikali kwa kawaida inataka kampuni inayonufaika imilikiwe na kuongozwa na raia wa nchi inayoiteua. Marekani mgeni haruhusiwi kupita asilimia 25 ya hisa zenye kura. Umoja wa Ulaya, mtu wa nje lazima abaki chini ya nusu. Ukimmeza jirani moja kwa moja, anaweza kuacha kuwa raia wa kwao, na haki zake za kuruka zikapotea. Utakuwa umenunua ndege zisizo na ruhusa ya kwenda popote.

Basi wakatafuta njia ya kupata faida za kuungana bila kuungana. KLM ya Uholanzi na Northwest ya Marekani walitangulia. Nchi zao zilifunguliana anga mwaka 1992, na Januari 1993 serikali ya Marekani ikawapa kinga dhidi ya sheria za ushindani, wakaruhusiwa kupanga bei na ratiba za kuvuka Atlantiki kama kampuni moja. Wengine wakaona. Star Alliance, muungano wa kampuni za ndege, ikazaliwa Mei 1997 kwa kampuni tano: United, Lufthansa, Air Canada, SAS na Thai. Miungano mingine miwili ikafuata: Oneworld ikaanza kazi Februari 1999, SkyTeam Juni 2000.

Waliojaribu kupenya mlango wa hisa wengi walijuta. Swissair ilinunua vipande vya kampuni kadhaa zilizokuwa taabani, ikiwamo asilimia 49.5 ya Sabena ya Ubelgiji. Madeni ya wadogo yakapanda kwa mkubwa, na tarehe 2 Oktoba 2001 ndege za Swissair zikabaki chini kwa kukosa fedha za kulipia mafuta. Kampuni ya nchi iliyojaa benki! Baadaye Etihad ya Abu Dhabi ikapita njia hiyo hiyo na airberlin, Alitalia na Jet Airways. Airberlin ilifilisika mwaka 2017, Jet ikaacha kuruka 2019, Alitalia ikafungwa 2021. Ukinunua asilimia 29 au 49 unapata hasara kwa fungu lako, lakini huna amri ya kufunga njia isiyolipa wala kupunguza watu. Ni kuingia gharama za baba bila sauti ya baba.

Sisi wenyewe tumo katika historia hiyo. East African Airways ya mwaka 1946 ilikuwa ya nchi zetu pamoja, ikafa 1977 pamoja na Jumuiya, na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huo huo. Miaka ya 1990 tukajaribu tena: Air Tanzania, Uganda na Waafrika Kusini wakaanzisha Alliance Air, wakaruka na Boeing 747 ile fupi aina ya SP, na ikafika mwaka 2000 shughuli imekwisha. Kisha mwisho wa mwaka 2002 South African Airways wakanunua asilimia 49 ya Air Tanzania, na mwaka 2006 tukaachana.

Hicho kipindi cha mwisho nakikumbuka kwa kidole. Tiketi za Air Tanzania nilizokuwa nakata zilianza na 083, namba ya Afrika Kusini, si 197 yetu. Jina kwenye ndege lilikuwa la kwetu, lakini Mwalimu, nimekwisha sema juu hapo ni nani anayepokea fedha. Kampuni isiyo na namba yake ya tiketi haina kaunta yake, na siku ya kuachana inaanza kujitambulisha upya kwa kila mshirika duniani.

Wenzetu wa Kenya waliingia vizuri zaidi. KLM walichukua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996, Nairobi ikawa mlango wa Amsterdam, na mwaka 2003 Kenya Airways nao wakachukua asilimia 49 ya Precision Air yetu. Ukiuchora mnyororo huo ubaoni utaona abiria wa Mwanza, na wa huku kwetu, wanavyokusanywa hatua kwa hatua. Ni biashara halali. Ila anayekusanya anapata kipande kifupi, na mwenye kituo kikuu anapata kipande kirefu. Hata hao hawakudumu milele, ule ubia wao na KLM ulivunjwa mwaka 2021.

*Dada, kama kampuni mbili zinakaa na kupanga bei pamoja, hiyo si njama? Tunafundishwa darasani kwamba ni kosa. — Mwanafunzi wa biashara, Mtwara*

Inategemea njia zao zinagusana vipi. Mmoja anaishia Dar na mwingine anaanzia Dar: wanakusaidia, kama nilivyomwambia wa Newala. Wote wawili wanaruka Dar–Nairobi, na ulikuwa unawashindanisha: wakishikana hapo umekwisha, hata wakiita ushirika. Ndiyo maana kodisheya ya kawaida inaruhusiwa kirahisi, lakini ubia wa kugawana mapato ya njia nzima, ule wa kwamba hatujali abiria kapanda ndege ya nani, unaombewa kibali. Mei 2023 mahakama ya Boston, Marekani, iliuvunja ushirika wa American na JetBlue kwa sababu hiyo hiyo. Walikuwa washindani New York na Boston, wakaanza kugawana masoko. Iandike kwenye mtihani, mwalimu wako atapenda.

*Mama, kwa nini Air Tanzania isijiunge na Star Alliance kama Ethiopian? Tuna Dreamliner, tuna Airbus. Tunakosa nini? — Kijana mzalendo, Masasi*

Mzalendo mwenzangu, ndege si tatizo. Ethiopian waliingia Star Desemba 2011, Kenya Airways waliingia SkyTeam Juni 2010. Hao wawili waliitwa kwa sababu Addis na Nairobi ndege zao zinatua kwa mawimbi. Nyingi zinafika pamoja, abiria wanabadilishana, nyingi zinaondoka pamoja, tena kila siku. Muungano unanunua hicho, si uzuri wa ndege. Kampuni inayokwenda mahali mara tatu kwa wiki ni ngumu kuunganika nayo. Abiria wa Jumanne ataunganishwa, wa Jumatano atalala hotelini, na hakuna mshirika anayetaka kulipia hoteli ya Jumatano.

Kuna gharama pia za kuoanisha mifumo ya kompyuta, kufunza wahudumu, kupokea abiria wa daraja la juu wa wenzako kwenye sebule zako, na kupita ukaguzi wa usalama. Hilo la mwisho nalisema bila kuficha kwa kuwa ndilo zito: Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa katika anga lake, na Juni 2025 ukazijumuisha kampuni zote zenye cheti cha Tanzania. Kampuni inayobandika namba yake kwenye ndege yako imeweka jina lake rehani kwako. Ukiwa kwenye orodha hiyo, mazungumzo na Mjerumani au Mfaransa hayaanzii kwenye mgawo wa nauli.

Tena muungano si lazima. Emirates hawamo kwenye wowote kati ya ile mitatu, wamefunga mikataba ya mmoja mmoja, kama ule mkubwa na Qantas ulioanza mwaka 2013, na hakuna anayewahurumia. Hata walio ndani hawakufungwa pingu. SAS, mmoja wa waanzilishi watano wa Star, alihamia SkyTeam Septemba 2024. Mimi ningekuwa kwenye kikao chao pale Dar ningesema hivi: pangeni ndege ya Mtwara, ya Songwe na ya Mwanza zitue kwa saa zinazowahi za Mumbai na Guangzhou, begi lipite moja kwa moja, tiketi iwe moja. Ushirikiano wa kwanza ni wa ndege zako mwenyewe. Ukishaweza huo, mwandikie wa nje anayefika Dar kila siku na asiyekuwa na njia ya kwenda mikoani, naye atakuja mezani kwa sababu una kitu anachokihitaji.

*Mama naomba kuuliza kuhusu pointi. Nimejiunga na kampuni nne tofauti na sijawahi kupata hata safari ya bure. — Mtumishi, Lindi*

Jiunge na moja, kijana wangu, na zile tatu zisahau. Katika muungano, ukiruka na mshirika yeyote unaweza kuweka pointi kwenye kadi ya mwenzake. Aliyekubeba anamlipa mwenye kadi kwa kila pointi, na siku ukizitumia kwa mwingine, mwenye kadi ndiye anayemlipa huyo. Kumbe pointi ni bidhaa, zina bei, na kampuni kubwa huziuzia hata mabenki yanayowapa wateja wa kadi zao. Ndiyo maana zile nauli za chini kabisa, ambazo naona nyie watumishi mnazipenda, mara nyingi hutoa pointi chache au hazitoi kabisa. Uliza herufi ya daraja kabla ya kulipa. Na namba ya kadi itaje wakati wa kukata tiketi, si baada ya safari. Pasi ya kupandia ndege usiitupe mpaka uone pointi zimeingia, maana safari ya mshirika ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na bila kile kikaratasi utabishana na kompyuta.